MAISHA YA CHARLES STOKES, MCHUUZI WA PEMBE (1852–1895)



Katika somo la uchumi tunaandika maneno mawili makubwa, mashindano na monopoli. Tunayashika kwa kichwa mpaka siku ya mtihani, kiisha tunayasahau, sababu tunafikiri ni mambo ya London na New York tu. Lakini kuna mtu aliyenyongwa katika pori hili letu kubwa, na ugomvi wa maneno hayo mawili ulikuwa karibu sana na kamba iliyomuua. Jina lake Charles Henry Stokes. Alikuja Afrika kama mtu wa misheni ya Kiprotestanti, akageuka mchuuzi wa pembe za tembo, na kifo chake kilisumbua serikali tatu za Ulaya. Inafaa sisi wa Ituri tujue habari zake.

1. KUTOKA DUBLIN MPAKA ZANZIBAR

Stokes alizaliwa mwaka 1852 katika mji wa Dublin, inchi ya Ireland. Wakati ule Ireland yote ilikuwa chini ya serikali ya Uingereza, kwa hiyo yeye alihesabiwa kuwa raia wa Uingereza. Kumbukeni neno hilo, litarudi mbele. Alipokuwa kijana alihamia Liverpool, mji mkubwa wa bandari, akafanya kazi ya karani. Kiisha akajitoa kwa misheni ya Church Missionary Society, ile inayoitwa kwa kifupi CMS. Hakuwa mchungaji. Alitumwa kama mtu wa kazi, wa kusaidia wahubiri.

Alifika Zanzibar mwaka 1878. CMS ilikuwa imeanza kazi Buganda mwaka mmoja mbele, na wamisionari wa kule walihitaji vyakula, dawa, vitabu, nguo na barua. Hakukuwa na reli wala motokari. Kila kitu kilitoka pwani juu ya vichwa vya wapagazi, safari ya miezi mingi. Ni hapo Stokes alionyesha kipawa chake. Alijua kuongoza msafara. Alijifunza Kiswahili vizuri kabisa, akazoeana na Wanyamwezi, watu waliokuwa wapagazi hodari kupita wote. Alijua namna ya kusikilizana na sultani wa kila inchi juu ya ushuru wa kupita, na namna ya kutuliza wapagazi wanapotaka kukimbia njiani. Wazungu wengine walipoteza mizigo na watu; misafara yake ilifika.

Mwaka 1883 alioa huko Zanzibar mwanamke wa misheni, Ellen Sherratt. Furaha yao haikukaa. Mwaka uliofuata Ellen alizaa mtoto msichana, na nyuma ya siku chache tu mama akafa. Stokes akabaki mjane.

2. ANAACHA MISHENI, ANASHIKA BIASHARA

Kiisha huzuni hiyo alioa tena, na mara hii alioa mwanamke Mnyamwezi jina lake Limi, wa jamaa ya sultani Mitinginya wa Usongo. Siku zile wakubwa wa misheni hawakupendezwa na ndoa kama hii, na tena Stokes alikuwa ameanza kujichanganya na biashara. Masikilizano yao yakavunjika, akaachana na CMS. Hata hivyo, wamisionari waliendelea kumlipa kusudi awapelekee mizigo. Walikuwa wanajua kwamba hakuna mwingine anayeweza kazi ile kama yeye.

Ndoa ile ilimpa jamaa katika Unyamwezi, na jamaa ni mali. Mahali mchuuzi mwingine alitafuta wapagazi miezi mizima, yeye aliwapata kwa shemeji. Akawa mchuuzi mkubwa. Alipeleka ndani nguo, shanga, waya wa shaba, na, tuseme ukweli, bunduki na baruti pia. Alirudisha pwani pembe za tembo.

Bunduki zilimwingiza katika mambo ya siasa. Mwaka 1888 kabaka Mwanga wa Buganda alifukuzwa katika kiti chake, akakimbilia kusini ya ziwa Victoria. Mwaka 1889 Stokes alimchukua katika mashua yake, akasaidia yeye na wafuasi wake Wakristo kurudi, pamoja na silaha. Mwanga alirudi katika ufalme wake. Mwaka 1890 Stokes aliingia kwa muda katika kazi ya Wajerumani, waliokuwa wanatawala inchi ambayo leo ni Tanzania bara, akawafanyia mapatano na wasultani wa kusini ya ziwa. Nyuma ya kazi hiyo alirudia biashara yake ya pembe.

Basi mtu huyu alikuwa wa namna gani? Hakuwa mtakatifu. Mtu anayeuzisha bunduki hawezi kusema hajui kazi inayofanywa nazo. Lakini hakuwa mnyang'anyi wa vijiji. Alikuwa mchuuzi: alibadilisha kitu kwa kitu, na kama mwenye pembe hakupenda bei yake, alikuwa na njia ya kungoja mwingine.

3. SHERIA YA BERLIN NA UJANJA WA MFALME

Sasa tuangalie inchi yetu wakati uleule. Mwaka 1885, huko Berlin, serikali za Ulaya pamoja na nyingine zilitia sahihi mkataba juu ya bonde la mto Kongo. Mkataba ulisema kwamba katika bonde zima biashara itakuwa huru kwa watu wa mataifa yote, na kwamba hakuna mtawala atakayeruhusiwa kumpa mtu yeyote monopoli ya biashara. Mto wetu Shari unaenda kuingia Ituri, Ituri inakuwa Aruwimi, Aruwimi inamwaga maji yake katika mto Kongo. Maana yake, bonde letu hili nalo lilikuwa ndani ya mkataba ule, hata kama wakati ule hakuna mtu wa hapa aliyeulizwa neno.

Kwa masharti kama hayo mfalme Leopold wa pili wa Ubeleji alikubaliwa kuwa mkubwa wa Serikali Huru ya Kongo. Lakini serikali ile ilimlia feza nyingi, na deni likapanda. Ndipo mfalme alitafuta njia ya kupata monopoli bila kuitaja kwa jina lake.

Ujanja wake ulikuwa hivi. Hatua ya kwanza: tangu mwaka 1885 aliamuru kwamba mashamba yote yasiyo na mtu ni mali ya serikali. Akahesabu kwamba mtu ana nyumba yake na shamba analolima tu; pori anapowinda na kuchuma lilihesabiwa kuwa halina mtu. Hatua ya pili: tarehe 21 Septemba 1891 alitoa amri, bila kuitangaza, kwamba wakubwa wa wilaya za Aruwimi-Uele na Ubangi-Bomu washike pembe na mpira wote kwa ajili ya serikali. Hatua ya tatu ilijifwata yenyewe: kama pori ni la serikali, na tembo yuko porini, basi pembe ni ya serikali, mwanakijiji anayeuzisha pembe anauzisha kitu cha wizi, na mchuuzi anayeinunua ni mpokeaji wa wizi. Hivyo mfalme aliweza kusema kwamba biashara ingali huru kabisa. Ila hakuna kitu kilichobaki cha kufanyia biashara!

Hata makampuni ya Wabeleji wenyewe yalilalamika sana mwaka 1892, mpaka mfalme akayaachia sehemu fulani za inchi. Kaskazini na mashariki alizishika.

Ongezeni jambo hili moja. Katika miaka hiyo serikali iliweka namna ya kuwalipa zawadi watumishi wake kulingana na bei waliyonunulia pembe. Mtumishi aliyenunua kilo ya pembe kwa faranga 8 alipata asilimia 6 ya bei ya Ulaya. Aliyeinunua kwa faranga 4 alipata asilimia 10. Fanyeni hesabu. Tuseme kwa mfano tu kwamba kilo ile inauzishwa Antwerp kwa faranga 20. Mtumishi wa kwanza anapata faranga 1 na santimu 20. Wa pili anapata faranga 2. Yaani kwa kadiri mtu wa kijiji anavyolipwa kidogo, ndivyo mtumishi anavyoshiba. Kati ya kulipa kidogo na kunyang'anya, njia ni fupi, na bunduki inaifupisha zaidi.

4. WATU WA ELIMU WALIVYOFUNDISHA

Mbele ya kuendelea na Stokes, tusimame kidogo kusudi tufahamu ugomvi wenyewe.

Mwaka 1776 Mskoti mmoja, Adam Smith, alitoa kitabu chake kikubwa juu ya utajiri wa mataifa. Katika wakati wake makampuni fulani ya Ulaya yalipewa na wafalme haki ya kufanya biashara peke yao katika inchi za mbali. Kampuni ya Waingereza ya India ya Mashariki ni mfano. Smith aliyapinga. Alionyesha kwamba mtu asiye na mshindani anashusha uangalifu, anapandisha bei, na faida yake inatoka mfukoni mwa watu wote. Hakuwaamini sana wachuuzi wenyewe pia: aliona kwamba wachuuzi wa kazi moja wakikutana, kwa upesi wanapatana juu ya kupandisha bei.

Mwaka 1838 Mfaransa Antoine Augustin Cournot alifanya jambo hilo kwa hesabu. Alitoa mfano wa chemchemi ya maji ya dawa. Kama chemchemi ni moja na mwenyewe ni mmoja, ataweka bei kubwa na kutoa maji kidogo. Wakiwa wenye chemchemi wawili, maji yanaongezeka na bei inashuka. Kwa kadiri wanavyozidi kuwa wengi, bei inakaribia gharama yenyewe.

Mwaka 1890 Wamarekani walitunga sheria ya Sherman ya kukataza monopoli na mapatano ya siri ya makampuni. Angalieni miaka: mwaka 1890 Marekani inakataza, mwaka 1891 Kongo inaanzisha.

Lakini wakubwa hawa walisema zaidi juu ya yule anayeuzisha peke yake. Kwetu shida ilikuwa ya upande mwingine: mtu mmoja tu anayenunua. Jambo hilo lilipewa jina lake na mwanamke Mwingereza, Joan Robinson, katika kitabu alichotoa mwaka 1933 juu ya mashindano yasiyo kamili. Aliliita monopsoni. Mwaka uleule Mmarekani Edward Chamberlin alitoa kitabu chake juu ya mambo yaliyo katikati ya mashindano na monopoli.

Iko hivi. Mama mmoja anashuka kutoka milima ya Djugu na kiloba cha maharagi. Akikuta wanunuzi watano ku soko, mmoja akimpa bei ndogo, anaenda kwa wa pili. Hana haja ya kubembeleza. Wanunuzi wenyewe wanaogopana. Lakini tuseme mnunuzi ni mmoja, na tena ameweka barieri njiani kusudi mama asipite kwenda soko lingine. Hapo bei si bei tena, ni amri. Mama anaweza kurudi na kiloba chake, lakini kesho njaa itamrudisha kwa mtu yuleyule. Katika pori la Ituri miaka ile ya 1890 mnunuzi mmoja alikuwa serikali, na barieri ilikuwa askari wake.

Kwa watu wa namna hiyo, mchuuzi kama Stokes, anayetoka mashariki na nguo na shanga, ni kama mnunuzi wa pili anayeingia kwa mlango wa nyuma. Hata asiposema neno lolote, kuwako kwake tu kunapandisha bei.

5. PORI LENYE WENYEWE WAWILI

Tusifikiri kwamba mbele ya serikali pori lilikuwa soko zuri la watu huru. Hapana. Tangu miaka ya 1880 Wangwana, watu wa misafara ya Waarabu na Manyema, walikuwa wameingia pori la Ituri. Stanley alipopita mwaka 1887 alikuta watu wa Kilonga-Longa wamejenga Ipoto. Hao nao walitaka pembe, na wengi wao walizipata kwa kuchoma vijiji na kushika wanawake mpaka wanaume walete pembe za kuwakomboa. Watu wa pori walijua mikono miwili hiyo, wa Wangwana na wa Bula Matari, na hawakuuona mmoja kuwa laini.

Toka mwaka 1892 mpaka 1894 majeshi ya serikali yalipigana na Waarabu, yakawashinda. Watu walioshindwa walikimbilia mashariki, upande wetu. Mmoja wao alikuwa Kibonge, mkubwa aliyehesabiwa kuwa ndiye aliyetoa amri ya kumuua Emin Pasha, Mjerumani aliyekatwa kichwa mwaka 1892 alipokuwa anakata pori kwenda mto Kongo. Kamanda wa serikali aliyewafuata wakimbizi alikuwa Hubert Lothaire, Mbeleji, hodari wa vita na mwepesi wa hukumu.

6. SAFARI YA MWISHO

Mwaka 1894 Stokes alitoka inchi ya Wajerumani na msafara mkubwa, akaingia pori la Kongo kutafuta pembe. Alikuwa na watu wenye bunduki za kulinda msafara. Katika miezi hiyo alipelekeana barua na Kibonge. Barua hizo zikaanguka mkononi mwa watu wa serikali. Lothaire alizisoma kuwa ushuhuda kwamba Mwingereza huyu anawapa adui silaha. Kuuzisha silaha katika sehemu hizo kulikuwa kumekatazwa na mkataba mwingine, ule wa Brussels wa mwaka 1890, kwa hiyo neno lilikuwa zito.

Mwezi wa Desemba 1894 Lothaire alimtuma luteni Josué Henry na askari wachache. Henry alimkuta Stokes upande wa Kilonga-Longa, mbali na sehemu kubwa ya watu wake, akamshika bila vita. Inaonekana Stokes hakufikiri kwamba maisha yake yako katika hatari. Alikuwa mtu anayejulikana, rafiki wa wakubwa wengi, raia wa taifa kubwa. Aliongozwa mpaka kambi ya Lothaire huko Lindi. (Msichanganye na mji wa Lindi wa Tanzania, hii ni Lindi yetu, jina la mto ule unaopita Bafwasende.)

Kibonge alikuwa amekwisha kuuawa mwanzo wa Januari 1895. Katikati ya mwezi uleule Lothaire aliketi kumhukumu Stokes. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshitaki, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa hakimu. Hakukuwa na wakili. Sheria ya serikali ileile ilimpa mtu kama Stokes, asiye askari, haki ya kupeleka kesi yake mbele ya baraza kubwa la Boma. Hakupewa nafasi hiyo. Hukumu ilitolewa, na nyuma ya saa chache tu, mbele ya mapambazuko kukomaa, akanyongwa. Alikuwa na umri wa miaka 42 hivi.

7. KELELE ZA ULAYA

Kongo ilikuwa mbali, barua zilikwenda polepole. Ni mwezi wa Agosti 1895 tu ndipo magazeti ya Ulaya yalijaa habari hii. Waingereza walikasirika: mtu wao amenyongwa kama mbwa bila kesi ya kweli. Wajerumani nao walikasirika, sababu msafara ulitoka katika koloni yao na wapagazi walikuwa watu wa huko. Serikali ya mfalme Leopold ililazimishwa kulipa: faranga 150,000 kwa Uingereza na faranga 100,000 kwa Ujerumani. Lothaire alipelekwa mbele ya baraza la Boma mwaka 1896, akaachiliwa. Kesi ikapandishwa mpaka Brussels, na mwezi wa Agosti mwaka uleule akaachiliwa tena.

Je, Stokes alinyongwa juu ya bunduki ao juu ya pembe? Mashitaka yaliandikwa bunduki. Wengi katika Ulaya walisema ni pembe: kwamba serikali ilitaka kumwondoa mshindani na kuwaogopesha wengine wa mashariki wasivuke. Moyo wa Lothaire hatuwezi kuufungua. Lakini tunaweza kusema neno hili bila shaka: katika inchi ambapo serikali ni mtawala, na tena ni mchuuzi, na tena ni hakimu, mshindani wa biashara yake hana mahali pa kusimama. Kosa lake likiwa la kweli, hakuna atakayeliamini. Likiwa la uongo, hakuna atakayemwokoa. Hii ndiyo hasara ya monopoli ambayo haiko katika hesabu za Cournot.

8. MAMBO YALIYOFUATA

Na Lothaire je? Hapa kuna kitu cha kutufumbua macho. Kiisha kuachiliwa alirudi Kongo, akawa mkubwa wa Société Anversoise huko Mongala, moja ya makampuni yaliyopewa na mfalme sehemu kubwa ya pori pamoja na mpira wake wote. Yaani mtu aliyemnyonga mchuuzi wa nje akawekwa kulinda ghala la mnunuzi mmoja. Mwaka 1900 habari za mauaji ya watu wa Mongala juu ya mpira zilifika magazeti ya Antwerp, na Lothaire akaondoka Kongo.

Kifo cha Stokes kilifungua macho ya Waingereza kwa mara ya kwanza. Mbele ya hapo wengi walimhesabu mfalme Leopold kuwa mfazili wa Afrika. Toka 1895 walianza kuuliza. Miaka michache nyuma yake karani mwingine wa Liverpool, Edmund Dene Morel, aliangalia hesabu za meli za kampuni alimofanya kazi. Aliona meli zinarudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, lakini zikienda Kongo zinachukua zaidi askari, bunduki na risasi. Akajua kwamba pale hakuna biashara, sababu mwenye kuuzisha halipwi. Wamisionari wa Kiprotestanti waliokaa vijijini walileta ushuhuda na picha. Mwaka 1904 Morel na wenzake waliunda chama cha kutengeneza mambo ya Kongo. Mwaka 1908 mfalme alilazimishwa kuiachia Ubeleji koloni yake, na kati ya mwaka 1910 na 1912 inchi ilifunguliwa tena kwa biashara, sehemu kwa sehemu.

Kufunguliwa kwa pembe na mpira hakukumaliza monopoli kwetu. Zahabu iliyoonekana Kilo mwaka 1903 ilishikwa na serikali, kiisha na kampuni yake, na wazazi wa wazazi wetu walichimba bila kuwa na haki ya kuuzisha hata punje moja. Lakini hiyo ni habari nyingine ya kuandikiwa ukurasa wake.

9. TUNAJIFUNZA NINI?

Wengine watasema: kwa nini kumlilia Mzungu mmoja, na watu wa pori waliokufa ni wengi mno? Neno hilo ni la haki kabisa. Stokes alipata kesi mbili juu ya kifo chake, magazeti, na faranga 250,000. Wapagazi, wawindaji na wanawake waliokufa katika pori lilelile hawakupata hata mstari mmoja. Lakini ni kwa sababu ya mtu huyo mwenye jina kwamba mlango ulifunguka kidogo, na wasio na jina wakaanza kuonekana.

Tena tusidanganyike kwamba mashindano peke yake yanaponya yote. Stokes alishindana, na kati ya vitu alivyouzisha mlikuwa na vya kuua. Mashindano bila sheria yanaleta bunduki. Sheria mkononi mwa mshindani mmoja inaleta kamba. Soko linahitaji wanunuzi wengi, na linahitaji pia hakimu asiye na ghala.

Maswali ya kuzungumza darasani na katika nyumba za kulala:

(a) Tofauti gani iko kati ya monopoli na monopsoni? Toeni mfano wa kila moja kutoka soko mnalolijua.

(b) Mkataba wa Berlin ulikataza monopoli. Mfalme aliupita kwa neno gani? Leo mtu anaweza kutumia ujanja wa namna hiyo katika mambo gani?

(c) Kama ungekuwa mwindaji wa pori mwaka 1894, ungempa nani pembe yako: Kilonga-Longa, Bula Matari ao Stokes? Na kama hungependa yeyote, ungefanya nini?

Swali la mwisho ni gumu kupita yote. Yule mwindaji aliulizwa kwa kweli, na jibu lake halikuandikwa popote.